Duara Lililopunguzwa

Duara la sarakasi halipunguzwi. Baba yangu alilijua hilo, babu yangu alilijua, hata mlevi Kornél aliyemlisha simba wetu alilijua. Utoke kwetu Szeged uende mpaka Vienna, uingie hema la mtu usiyemfahamu, awe tajiri awe hohehahe, utakuta duara lina upana uleule, kwa sababu farasi hulijua duara kwa miguu yake, na akishalijua moja ameyajua yote. Sisi watu wa sarakasi tumevunja sheria nyingi, za serikali na za Mungu, lakini hiyo tulikuwa hatuigusi. Aliyeigusa ni mdogo wangu Vendel, siku ya sikukuu ya kanisa pale Halasvár, na mpaka leo nikikumbuka mkono unaniwasha.

Sababu alikuwa nayo, nisimsingizie. Dhoruba ilikuwa imetukuta kijiji cha nyuma hema likiwa limesimama, ikang'oa upande mzima wa turubai na kuutupa mtoni. Mimi na wanawake wenzangu tulishona mpaka vidole vikatoka damu, lakini huwezi kushona kitambaa ambacho hakipo. Hema likatoka dogo. Vendel akalizunguka akichechemea, maana nyonga yake iliharibika zamani farasi alipomwangukia, huku akiwaza kama atoe mabenchi au apunguze duara. Siku ya sikukuu ya kanisa watu wa uwandani huja na watoto wao wote na bibi zao, wamevaa nguo za kutokea, na sarakasi ndogo kama yetu huishi kwa siku kama hizo. Hakutaka kutoa hata benchi moja. Ukingo wa duara letu ulikuwa wa masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi nyekundu, yameshikana kwa kulabu. Akatoa masanduku mawili, akayasogeza yaliyobaki mpaka yakakutana.

Nilimwambia amepagawa. Nikamwambia baba angekuwa hai angemchapa mjeledi mbele ya wafanyakazi. Hakukasirika, akanicheka tu.

"Farasi wana macho, dada," alisema. "Wataona ukingo ulipo."

Borbála alikuwa amesimama karibu na nguzo, ndoo mkononi. Mimi nikajitia kutafuta sindano kwenye aproni.

Maana Fecske, farasi wa Borbála, alikuwa kipofu, na hakuna aliyelijua hilo ila yeye na mimi.

Borbála ni wifi yangu, mjane wa kaka yetu Ottó aliyekwenda vitani Galicia na haikurudi hata kofia yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mgumu wa kucheka, lakini akipanda juu ya farasi ungedhani amepunguziwa miaka na huzuni kwa pamoja. Alisimama mgongoni mwa Fecske bila tandiko, akapenya pete za karatasi, akajipindua hewani na kutua palepale, huku mnyama akizunguka kwa mwendo wake mmoja usiobadilika. Kwa lugha yetu fecske ni mbayuwayu. Jina la ndege mwepesi alikuwa amepewa farasi wa kijivu mwenye mgongo mpana kama meza ya mwoka mikate, na kila mji watoto walicheka walipolisikia, mpaka wamwone akikimbia.

Vita vilipoanza, maofisa walipita wakichukua farasi. Borbála alimfunga Fecske uzi mwembamba juu ya ukwato, ukafichwa na manyoya, naye akachechemea mbele yao hadi wakamwacha. Wengine wote wakaenda. Mwaka uleule wakamchukua na Ottó, na kwa Ottó hakukuwa na uzi wa kumfunga. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini mwanamke yule alimpenda mnyama kupita kiasi.

Giza lilimwingia Fecske polepole, wakati wa theluji, miaka miwili kabla ya sikukuu ile, tulipokuwa tumeegesha magari yetu ya kukokotwa na farasi, ndiyo nyumba zetu, tukisubiri hali ya hewa. Macho yake hayakugeuka meupe kama ya farasi wengine wanaopofuka. Yalibaki meusi, ya kung'aa, mazuri kuliko ya wanawake wengi ninaowajua. Mimi nilijua kwa sababu niliacha beseni langu la kufulia mahali pasipo pake, Fecske akaliingia kwa miguu yote miwili kana kwamba halipo. Nikamtazama Borbála. Aliniomba kwa macho tu, nami nikaokota beseni langu nikaenda zangu.

Tangu hapo hakuacha kusema naye. Akimtoa zizini alisema naye. Akimsugua mgongo kwa unga wa utomvu wa msonobari, ule tunaopaka ili nyayo zisiteleze, alisema naye, na akiwa juu yake alisema naye chini kwa chini, watazamaji wakadhani anasali. Lakini ndani ya duara Fecske hakuhitaji hata hayo. Alilijua duara kuliko padri anavyoijua misa. Mji ukabadilika, udongo ukabadilika, watu na lugha zao wakabadilika, duara likawa lilelile, na humo ndani mnyama yule hakuwa kipofu.

Kwa nini alificha? Vendel si mkatili, lakini ana simba. Mnyama asiyeweza kazi katika sarakasi maskini ana mahali pamoja tu pa kwenda, na mwaka mmoja kabla, majani yalipopukutika, tulimwona farasi jike mwekundu, mwenye goti bovu, akienda huko. Siku hiyo Borbála alijifungia ndani ya gari lake. Kornél alipita dirishani na ndoo zilizofunikwa, akipiga mluzi.

Basi asubuhi ile ya sikukuu, Borbála alipiga moyo konde akamfuata Vendel. Alimkuta anakula mkate na mafuta ya nguruwe, wafanyakazi wamemzunguka. Akamweleza kwamba duara dogo litamlaza farasi mno upande wa ndani, kwamba mruko wake wa kujipindua utaharibika, kwamba watu wakisikia huko Szeged watatucheka. Alitoa kila sababu isipokuwa ile moja. Mimi niliyekuwa nikijua nilisikia vibaya kumsikiliza, maana Borbála hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno mengi kwa mtu kama huyo huonekana ni woga.

"Shemeji, siku hizi hata masanduku yanakutisha?" Vendel akamtania.

"Siogopi mimi."

"Basi anaogopa nani, Fecske?"

Wafanyakazi wakacheka. Borbála naye akacheka kidogo kwa sababu hakuna jinsi, akaondoka.

Hakwenda kulia. Alimtoa Fecske, akamwingiza kwenye duara jipya kukiwa hakuna mtu, akaanza kumzungusha kwa miguu. Alimsogeza mpaka ukwato ukaligusa sanduku, akamwambia neno, akamsogeza tena. Walizunguka hivyo mpaka jua likapanda juu ya mnara wa kanisa. Mimi nilikaa benchi nikishona, nikiwalinda. Fecske alikuwa mwerevu. Masikio yake yalikwenda mbele na nyuma, pua ikashuka ikanusa maranda, na baada ya muda akawa anaupinda mwili kabla hajaambiwa. Nilianza kutumaini, nasema kweli. Borbála naye alinitazama na uso wake ukalegea.

Lakini kutembea ni kitu kimoja na kukimbia ni kingine. Akitembea, Fecske alifikiri. Akikimbia alikumbuka, na alichokikumbuka ni duara la maisha yake yote.

Mazoezi yakaanza. Vendel alisimama katikati na mjeledi, mpiga tarumbeta na mpiga ngoma wakakaa juu ya kreti yao, na sisi wengine tukajipanga kandokando kutazama. Borbála akapanda. Mwanzoni nilimwona midomo inamwenda, anamwongoza kwa sauti, na Fecske anajikunja vizuri kwenye duara lile finyu. Kisha Vendel akapiga mjeledi hewani, muziki ukakolea, na mnyama akasikia raha ya kazi yake. Akarefusha hatua. Akaenda pale ambapo duara lilikuwa likimngoja siku zote.

Bega lake lilipiga sanduku. Miguu ya mbele ikapanda ukingo, akaanguka magoti, na Borbála akarushwa kwenye mabenchi. Nilisikia mbao zikivunjika. Kabla sijafika alikuwa ameshasimama, nyusi imepasuka, damu inamwingia jichoni, na alichofanya kwanza ni kujiweka kati ya Vendel na farasi ili Vendel asimtazame mnyama.

"Kosa langu," akasema. "Nimemvuta vibaya."

Nataka muelewe alichokisema. Mpanda farasi wa sarakasi atakiri wizi kabla ya kukiri kwamba ameanguka kwa kosa lake mwenyewe. Atalaumu maranda, viatu, tarumbeta, mtoto aliyepiga chafya. Borbála, ambaye hakuwahi kumvuta farasi vibaya tangu alipokuwa msichana, alisimama mbele ya watu wote, hata mchekeshaji mpya aliyekuwa nasi wiki mbili tu, akajitangaza hawezi kazi. Watu wakaangalia chini.

Vendel aliushusha mjeledi. Kisha akamsogelea na kumwambia kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi, kwamba miaka imekwenda, kwamba si aibu, kwamba tangu Ottó aondoke amebeba mzigo wa watu wawili. Ameona leo tangu asubuhi jinsi alivyokuwa na wasiwasi. Jioni hema litajaa na hawezi kubahatisha. Akageuka akamtafuta mtu kwa macho, akampata.

"Ilka atapanda badala yako," alisema. "Yuko tayari. Farasi hana tatizo, tatizo tumeshalijua."

Ilka ni binti wa Borbála, alikuwa hajatimiza miaka kumi na miwili wakati huo, mwepesi, mbishi, mwenye miguu ya baba yake. Mama yake alimfundisha juu ya mgongo uleule wa Fecske, kwanza kwa kamba kiunoni, kisha bila kamba. Kwamba yuko tayari tulijua sote, na yeye alijua kabla yetu. Aliposikia jina lake alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtoto mwenye furaha vile, na sijawahi kuona mtu akiwa na uso kama aliokuwa nao Borbála.

Tukaingia kwenye gari letu kumpimia nguo. Ilikuwa nguo nyeupe ya Borbála, yenye vipande vya kung'aa, nami nikapiga magoti na pini mdomoni kuifupisha. Ilka hakutulia hata kidogo. Alitaka nywele zisukwe hivi na si vile, alitaka kujua atapenya pete ngapi, kama mchekeshaji atamshangilia, kama watu wa Halasvár wanajua kupiga makofi. Borbála alikuwa amekaa kitandani, kitambaa chenye siki kwenye nyusi. Akamwambia kwamba hatapanda.

Ilka aliuliza kwa nini. Borbála akasema duara ni dogo, hajalizoea. Ilka akasema hata yeye mama yake hakuwa amelizoea na bado alipanda. Borbála akasema yeye ndiye mama na amekataa. Sababu yenyewe hakuweza kuitoa. Mtoto yule alilala zizini nusu ya siku zake, akimpa Fecske maganda ya mkate na siri zake zote, na akijua jambo lile dunia nzima ingelijua kabla ya chakula cha mchana.

"Umeanguka wewe, mama, si mimi," Ilka akasema. "Una wivu tu."

Ningekuwa sina pini mdomoni ningemzaba kofi. Ilka akatoka mbio akiwa na ile nguo, pindo moja limefupishwa na jingine bado, akaenda zizini.

Nikazitema pini. Nikamwambia wifi yangu kwamba nimevumilia miaka miwili kwa sababu shingo ilikuwa yake, lakini hii ni shingo ya mtoto wa kaka yangu.

"Sema," nikamwambia. "Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Nikisema wanamuua."

"Na usiposema?"

Akatazama dirishani. Kutoka pale ulimwona Ilka ameegemeza shavu kwenye shingo ya Fecske, na Fecske anatafuna ganda la mkate taratibu, macho yake mazuri yakiangalia mahali ambapo hakuna kitu.

Wako watu watakaokwambia kwamba mama hapimi mambo kama hayo, kwamba moyo unaamua papo hapo. Waongo. Mimi nilimwona akipima. Alitafuta njia ya tatu kwa sauti, mbele yangu, na kila aliyoipata aliivunja mwenyewe. Amfunge Ilka kamba kiunoni: Vendel hatakubali, watu hawalipi kuona mtoto amefungwa kamba. Ajifanye mtoto ana homa: leo homa, kesho je? Amtoroshe Fecske: aende naye wapi, katika uwanda ule ambao farasi wa kijivu huonekana toka kijiji hadi kijiji? Nikamwona anachoka. Kisha akauosha uso, akajifunga kilemba chake cheusi cha kwendea kanisani, akatoka. Nikamfuata.

Vendel alikuwa akisafisha taa. Borbála hakuzunguka.

"Fecske haoni," akasema. "Tangu mwaka juzi."

Vendel alidhani ni ujanja wa kurudishiwa nafasi yake, na akasema hivyo. Borbála akamwomba aende akajaribu. Tukaenda wote watatu zizini. Vendel akamwambia Ilka asogee, akapitisha mkono mbele ya jicho la Fecske, akapitisha tena karibu zaidi. Kisha akawasha kiberiti. Moto ukasimama mbele ya jicho lile jeusi, ukaonekana ndani yake, na jicho halikucheza. Fecske alikunjua midomo tu kwa sababu ya harufu.

Ilka alitazama kiberiti, akamtazama mama yake.

Vendel akageuza ndoo akaikalia. Alikisahau kiberiti mkononi mpaka kikamwunguza. Nadhani alikuwa akiona jioni zote zile kwa mpigo, Borbála hewani kichwa chini, na chini yake mnyama asiyeona.

"Ningemweka mtoto wa Ottó juu ya huyu," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja leo."

Hapo Borbála akaanza kuomba, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia akiomba chochote. Alimwomba arudishe masanduku. Akamweleza kwamba ndani ya duara kamili Fecske hana upungufu wowote, kwamba miaka miwili wamezunguka nchi nzima na hakuna aliyegundua, hata yeye Vendel anayesimama katikati na mjeledi. Toa mabenchi machache, shemeji. Nitampanda mimi peke yangu, mtoto hatamgusa kamwe. Alikuwa na haki, na mpaka leo nasema alikuwa na haki. Mimi nami nikamwambia Vendel wazi kwamba farasi hakumwangusha mtu, aliyemwangusha ni yeye na masanduku yake, na kwamba tamaa ya mabenchi isigeuzwe hukumu ya mnyama.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Ningependa angekasirika, maana ningejua la kumfanya. Lakini alikuwa anasugua nyonga yake iliyoharibika, kama afanyavyo mvua ikikaribia.

"Jana nilikuwa sijui," alisema. "Leo najua. Kesho akikuvunja shingo, ni mimi niliyekupandisha. Siwezi, Borbála."

Kisha akamwita Kornél, akamtuma mjini kumtafuta mchinjaji kabla mtu huyo hajalewa kwa ajili ya sikukuu. Simba hakuwa ameonja nyama tangu siku ya dhoruba. Hakuna aliyelitaja hilo, na hakuna ambaye hakuliwaza.

Mchinjaji alikuja amevaa suti yake ya kanisani, unyoya kwenye kofia, ananuka pombe ya plamu, bastola ameifunga ndani ya kitambaa cha mezani. Alikuwa mtu wa heshima, aliomba radhi kwa haraka yake akasema mkewe ameshaandaa supu na wageni wamefika. Wakachagua mahali nyuma ya magari, kwenye nyasi, mbali na mabanda ya sikukuu. Kornél akashika kamba.

Fecske akagoma. Kipofu hamfuati mtu asiyemwamini kwenye ardhi asiyoijua. Kornél alivuta, akamsukuma kwa nyuma, akamtukana, mchinjaji naye akaja kusaidia, na mnyama akazidi kupanda miguu ardhini, ngozi yote inamtetemeka. Toka mabandani tulisikia kinanda cha kuzungusha na watoto wanaocheka. Kornél akaokota fimbo.

"Lete hapa," Borbála akasema.

Akachukua kamba na kuanza kusema naye. Fecske alishusha kichwa, akaiweka pua begani kwake, akaenda. Alinyanyua miguu juu sana kila hatua kwa sababu nyasi zile hakuwa amewahi kuzikanyaga, lakini kamba haikukaza hata mara moja. Walipita mbele yangu karibu kabisa. Nilisikia sauti yake, sikuyasikia maneno, na sijawahi kumuuliza. Mchinjaji alipomwonyesha pa kusimama alimsimamisha. Alipomwambia asogee kando alisogea, ila hakunyamaza, maana angenyamaza Fecske angeogopa. Aliendelea kusema mpaka bastola ilipolia, na hata baada ya hapo nilimwona midomo bado inamwenda.

Jioni hema lilijaa. Watu walisimama hata kati ya mabenchi. Farasi wadogo walizunguka duara lile dogo bila shida yoyote, mbwa waliruka, mchekeshaji mpya akapewa muda mrefu kuliko alivyostahili, na Vendel akatangaza kwamba mpanda farasi ameumia nyusi na anawaomba radhi wageni. Wakaguna kidogo, wakasahau. Simba alilala tu, ameshiba, na walilalamika zaidi kuhusu yeye, kwamba hangurumi. Borbála alifanya kazi usiku ule. Alishika pete za mbwa, alifagia, alitabasamu pale panapotakiwa tabasamu. Mimi nilimwangalia nikamwonea huruma.

Tuliporudi kwenye gari, Ilka alikuwa amekaa palepale alipokaa tangu alasiri, bado amevaa ile nguo nyeupe, pindo la upande mmoja likining'inia. Hakuwa amekula. Nilikuwa nimemwachia kabichi na soseji kwenye sahani, mafuta yameganda. Nikaanza kumkaripia kwa sababu sikujua la kufanya, Borbála akanigusa mkono ninyamaze. Akaosha mikono yake muda mrefu. Kisha akaja nyuma ya binti yake amvue nguo.

"Wewe ulianguka asubuhi na uliinuka," Ilka akasema. Hakuwa analia. "Na mimi ningeinuka."

"Labda usingeinuka."

"Ungeniambia kwamba haoni. Ningempanda hivyohivyo."

"Najua," Borbála akasema. "Ndiyo maana sikukwambia."

Ilka alilishika lile pindo lililoning'inia. Nilidhani sasa atageuka, atamwangukia mama yake kifuani, na tutalia sote watatu yaishe. Badala yake alijivuta mbele kidogo, mikono ya mama yake ikabaki hewani, akaanza kufungua vifungo vya mgongoni mwenyewe. Vile vya juu hakuvifikia vizuri, vilimchukua muda, na hakuniomba mimi wala mama yake. Siku hizi yeye ndiye mpanda farasi wetu, amepita hata mama yake, na nguo zake ninashona mimi. Vifungo naviweka mbele.